Kila Mmoja Asome Aya Aliyoandikiwa: Mafundisho ya Wakristo juu ya Mume na Mke

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu wote kutokana na nafsi moja. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika darsa zetu limekuwa likirudi suali moja, nalo ni hili: Wakristo wafundisha nini juu ya daraja ya mwanamume na mwanamke? Huliuliza vijana waliosoma skuli pamoja na Wakristo, huliuliza akina mama walio na majirani Wakristo, na zaidi huliuliza wale wanaokwenda kusikiliza mihadhara ya viwanjani. Huko hutolewa aya moja ya waraka wa Paulo, ikasomwa kwa sauti kubwa, watu wakacheka, kisha ikasemwa kwamba hiyo ndiyo dini ya Kikristo yote na hiyo ndiyo hali ya mwanamke ndani yake. Upande wa pili nao hutoa aya moja ya Sura ya An-Nisaa, wakacheka, wakasema vivyo hivyo juu yetu. Kila kundi hurudi kwake likijiona limeshinda, wala hapana aliyejifunza kitu.

Sisi twaona kwamba mambo haya si ilimu, wala si daawa. Kwa hivyo tumeazimia katika waraka huu kueleza mambo matatu: yale yaliyomo katika vitabu vya Wakristo, namna walivyokhitalifiana wenyewe katika kuyafahamu, na haki ambayo mas'ala haya yatudai sisi Waislamu. Hili la tatu ndilo zito kuliko yote, nasi twamuomba msomaji asichoke kabla ya kulifikia.

UADILIFU KWANZA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, ametuonya chuki ya watu wengine isitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Na katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 46, ametukataza kujadiliana na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo njema. Hii ni amri, wala si hiari. Mtu aliyepewa barua ya kurasa nyingi akasoma mstari mmoja tu kisha akamhukumu aliyeiandika, huyo amedhulumu. Na dhulma haigeuki ikawa haki kwa kuwa anayedhulumiwa ni mtu wa dini nyingine.

Huenda ikasemwa: "Mbona mwawatetea Wakristo?" Jawabu yetu ni kwamba kueleza maneno ya mtu kama alivyoyasema si kumtetea, ni amana. Tunayoyakataa katika itikadi zao twayajua, nao wayajua. Lakini mwenye kutaka kukataa jambo sharti alijue kwanza lilivyo.

YALIYOMO VITABUNI MWAO

Aya inayotolewa sana viwanjani ni ile ya Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Timotheo, mlango wa 2. Humo mwandishi ataka mwanamke ajifunze katika utulivu, wala hampi ruhusa ya kufundisha wala ya kumtawala mwanamume. Na sababu anazozitaja ni mbili: kwamba Adamu ndiye aliyeumbwa mwanzo, na kwamba aliyedanganywa ni Hawa. Ya pili ni ile ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 14, inayowataka wanawake wanyamaze katika makusanyiko, na wakiwa na la kuuliza wawaulize waume zao nyumbani. Ya tatu ni ya Waraka kwa Waefeso, mlango wa 5, inayowaamrisha wake wawatii waume zao.

Aya hizi zimo, wala hakuna Mkristo msomi azikanushaye. Lakini katika vitabu hivyo hivyo mna mengine. Katika mlango wa 11 wa waraka huo huo kwa Wakorintho, Paulo aeleza namna mwanamke anavyotakiwa kufunika kichwa wakati anaposali na anapotoa unabii. Basi ni dhahiri kwamba wanawake walikuwa wakisema katika makusanyiko yale, naye ayajua hayo. Katika mlango wa 16 wa Waraka kwa Warumi amsifu Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na wanawake wengine waliofanya kazi pamoja naye. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18, Prisila pamoja na mumewe Akila walimchukua Apolo, mtu hodari wa maneno, wakamfundisha njia yao kwa usahihi zaidi. Na katika mlango wa 3 wa Waraka kwa Wagalatia, Paulo asema kwamba mbele ya Masihi hapana tafauti baina ya mwanamume na mwanamke.

Tena tuiangalie vizuri ile aya ya Waefeso. Kabla ya kuwaambia wake watii, mwandishi awaambia waumini wote wanyenyekeane wao kwa wao. Amri ya wake ni aya tatu. Kisha, tangu aya ya 25 hata ya 33, karibu maneno yote ni amri kwa mume: ampende mkewe kama Masihi alivyolipenda kanisa, hata akajitoa nafsi yake kwa ajili yake, kwa itikadi yao, ampende kama apendavyo mwili wake mwenyewe, amlishe na amtunze. Basi mzigo mkubwa wa mlango huu umewekwa juu ya mabega ya mwanamume. Lakini nenda uwaulize watu ni maneno gani ya mlango huu wanayoyakumbuka kwa moyo. Utaambiwa ni zile aya tatu za wake.

Msomaji aiweke nukta hii akilini, kwani tutairudia.

WALIVYOKHITALIFIANA WENYEWE

Wakristo hawana kauli moja katika mas'ala haya. Kwa kufupisha, twaweza kuwagawanya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni Wakatoliki. Hawa wasema mwanamume na mwanamke wako sawa katika utu na heshima, lakini upadri ni wa wanaume tu, kwa kuwa Yesu aliwachagua mitume wanaume. Papa John Paul II aliandika mwaka 1988 barua juu ya heshima ya mwanamke, akaeleza humo kwamba utii unaotajwa katika Waefeso ni wa pande mbili, mke kwa mume na mume kwa mke. Papa huyo huyo mwaka 1994 aliandika kwamba kanisa lake halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadri, akataka jambo hilo lihisabiwe kuwa limekatwa. Mwaka 2021 Papa Francis aliifungua rasmi kwa wanawake kazi ya kusoma masomo katika ibada na ya kutumikia altarini. Upadri ulibaki pale pale.

Kundi la pili ni Waprotestanti washikao kwamba uongozi wa nyumba na wa kanisa ni wa mwanamume kwa mpango wa Mungu tangu kuumbwa, si kwa ada ya zama tu. Baadhi yao walikutana Danvers, katika Marekani, mwaka 1987, wakaiandika kauli yao. Kanisa la Southern Baptist la huko Marekani liliandika mwaka 2000, katika tamko lake la imani, kwamba kazi ya uchungaji ni ya wanaume. Na mwaka 2023 liliyatoa katika umoja wake makanisa kadha kwa sababu ya kuweka wachungaji wanawake.

Kundi la tatu ni wale wasemao kwamba maneno ya Waraka kwa Timotheo yaliandikiwa mji wa Efeso na fitina iliyokuwa huko, ambako baadhi ya watu walikuwa wakifundisha yasiyo sahihi. Na wengi katika wanazuoni wao wa zama hizi waona kwamba waraka huo haukuandikwa na Paulo mwenyewe. Kauli ya kuwa wanawake wana haki ya kuhubiri si ya jana. Margaret Fell, wa madhehebu ya Quakers, aliitetea kwa kitabu huko Uingereza mwaka 1666; na Quakers hao wamekuwako Kaimosi, magharibi ya nchi yetu, tangu mwaka 1902. Catherine Booth, mmoja wa waasisi wa Jeshi la Wokovu, aliandika utetezi kama huo mwaka 1859.

Hapa Kenya, Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki lilimtawaza Nyambura Njoroge kuwa mchungaji mwaka 1982. Mwaka 1983, katika kanisa la Anglikana, Askofu Henry Okullu wa Maseno ya Kusini alimtawaza Lucia Okuthe kuwa kasisi, na wenzake wengi wakalikataa jambo hilo kwa muda. Mwaka 2021 Emily Onyango aliwekwa kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere. Na mwezi wa Oktoba 2025 huko Uingereza aliteuliwa Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho; uteuzi huo ukapingwa na maaskofu wengi wa Kianglikana wa Afrika.

Basi anayesimama kiwanjani akasema, "Wakristo wasema hivi juu ya mwanamke," na aulizwe: Wakristo gani? Sisi hatupendi kuambiwa kwamba Uislamu ni kauli ya mtu mmoja katika kijiji kimoja. Na lile tusilolipenda kwa nafsi zetu, tusilipende kwa wenzetu.

TUNAPOKUTANA NA TUNAPOACHANA

Tunakutana nao katika mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Wao na sisi twaamini kwamba mume na mke ni viumbe wa Mungu mmoja, kwamba ndoa ni ahadi mbele yake, kwamba zina ni dhambi kwa mwanamume kama ilivyo kwa mwanamke, na kwamba mume ataulizwa juu ya watu wa nyumba yake. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 34, mume amefanywa msimamizi, na sababu moja iliyotajwa ni mali anayoitoa. Hata wale washikao uongozi wa mume katika Wakristo hawatuachi mbali hapo.

Tunaachana nao katika mambo makubwa matatu.

La kwanza ni kosa la Peponi. Waraka kwa Timotheo wamtaja Hawa kuwa ndiye aliyedanganywa. Na kutokana na hapo baadhi ya wakubwa wao wa zamani, kama Tertullian wa Carthage yapata mwaka 200, waliwalaumu wanawake wote kwa kosa la mmoja. Haki yatutaka tuongeze kwamba Paulo katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 5, alihusisha kuingia kwa dhambi na Adamu. Ama Qur'ani, katika Sura ya Al-A'raf, yasema kwamba Shetani aliwatia wasiwasi wote wawili, wakala wote wawili, na wote wawili wakatubu. Na katika Sura ya Taha, wasiwasi umetajwa kumwendea Adamu. Hakuna aya inayombebesha Hawa peke yake. Lakini twauliza: ni mara ngapi tumemsikia mmoja wetu, katika maulidi au barazani, akisimulia kwamba Hawa ndiye aliyemponza Adamu? Masimulizi hayo ni ya Israiliyat, yaliyoingia katika vitabu vyetu kutoka kwa wengine. Twawacheka wenye nguo, na hali tumeivaa sisi.

La pili ni talaka. Wakatoliki hawaruhusu ndoa iliyotimia baina ya Wakristo ivunjwe ila kwa mauti. Waprotestanti wengi huruhusu kwa sababu maalumu. Sharia yetu imeiacha njia, kwa mume kwa talaka, na kwa mke kwa khului na kwa kumwendea Kadhi, pamoja na kuichukia.

La tatu ni mali. Katika Taurati waliyonayo, Kitabu cha Hesabu, mlango wa 27, binti watano wa Selofehadi walimwendea Nabii Musa kudai urithi wa baba yao, wakapewa. Na ikawa kanuni kwamba binti hurithi pale ambapo hapana mtoto wa kiume. Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 7 na ya 11, imempa binti fungu lake hata akiwa na ndugu wanaume kumi. Na huko Uingereza, kwa sheria ya zamani, mwanamke alipoolewa mali yake ya kuchukulika yaliingia mkononi mwa mumewe, mpaka Bunge lilipoibadilisha sheria hiyo mwaka 1870 na zaidi mwaka 1882. Haki yatutaka tuseme kwamba hiyo ilikuwa sheria ya nchi na mila zake, si amri ya Injili, na kwamba wengi waliopigania ibadilishwe walikuwa Wakristo pia.

Waislamu wengi hupenda kuutaja mwaka huo wa 1882 kwa fahari, wakasema: "Sisi tulimpa mwanamke mali yake zaidi ya miaka elfu na mia mbili kabla ya Waingereza." Hapa ndipo penye neno letu. Fahari hiyo ni ya sharia ya Mwenyezi Mungu. Haiwi yetu mpaka tuitekeleze.

MIZANI ILE ILE

Tulisema hapo nyuma kwamba mlango wa 5 wa Waefeso una aya tatu za wake na aya nyingi za waume, na wanaume wakashika zile tatu. Sasa tuitazame Sura ya An-Nisaa. Wanaume wetu wangapi waijua aya ya 34, ya usimamizi na utii? Ni wengi, hata asiyejua kusoma Kiarabu aijua maana yake. Na wangapi waijua aya ya 4, inayoamrisha wake wapewe mahari yao kuwa ni haki yao? Na aya ya 19, inayokataza kuwarithi wanawake kwa nguvu na inayoamrisha kuishi nao kwa wema? Na aya za 13 na 14, zinazokuja mara tu baada ya mafungu ya mirathi, zikaahidi Pepo kwa mwenye kuifuata mipaka hiyo na Moto kwa mwenye kuiruka? Hizo ni aya tulizoandikiwa sisi wanaume, nazo ndizo tuzipitazo mbio.

Basi ugonjwa ni mmoja katika nyumba mbili. Mwanamume wa Kikristo humsomea mkewe aya ya mke, na mwanamume wa Kiislamu humsomea mkewe aya ya mke. Kila mmoja ameacha barua yake, afungua ya mwenziwe.

MIRATHI

Tutoe mfano ulio wazi, maana maneno ya jumla hayamuamshi mtu. Amekufa mtu, hana wazazi walio hai, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Kilichobaki, baada ya maziko, madeni na wasia, ni nyumba ya thamani ya shilingi 4,000,000. Mke ana thumni, nayo ni shilingi 500,000. Zinabaki 3,500,000, zagawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mafungu mawili, yaani shilingi 1,400,000, na binti fungu moja, yaani shilingi 700,000.

Hivyo ndivyo kitabuni. Sasa tuangalie mitaani. Nyumba haigawanywi. Husemwa, "Tungoje eda ya mama iishe", kisha husemwa, "Tungoje msiba upoe." Ndugu mkubwa hushika funguo, akawa akipokea kodi. Tuseme kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Katika hizo, 5,000 ni za mama na 7,000 ni za yule binti. Ikipita miaka kumi, binti yule ana shilingi 840,000 alizokula nduguye, mbali na fungu lake la nyumba. Naye huenda yu kwa mumewe akikopa karo ya watoto. Akija kwa nduguye kuomba, hupewa shilingi 2,000 na huambiwa ashukuru.

Akidai, huambiwa, "Wewe umeolewa, una mumeo." Au huletewa karatasi msibani, macho yake yamevimba kwa kulia, akaambiwa awasamehe nduguze ili nyumba ya baba isivunjike. Naye husamehe, kwa kuona haya na kwa kuogopa kukatwa na jamaa. Wanazuoni wetu wamesema kwamba mali iliyochukuliwa kwa kumtia mtu haya hukumu yake ni ya mali iliyochukuliwa kwa nguvu. Mwenye kutaka msamaha wa kweli, na ampe dada yake kwanza fungu lake mkononi, likiwa limehisabiwa na kuandikwa. Kisha, baada ya muda, akitaka mwenyewe kumrejeshea, na amrejeshee. Msamaha wa asiyejua kiasi cha anachokisamehe si msamaha.

Na hapa kuna hoja ambayo Mkristo anaweza kutuuliza, na ni haki yake kuuliza: "Kwa nini binti apate nusu ya nduguye?" Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yawagawia watoto sawasawa, Waislamu waliipinga, na mwaka 1990 ilirekebishwa wakaachiwa mirathi yao. Jawabu yetu ni ile ijulikanayo: mwanamume amewajibishwa mahari, na chakula, na nguo, na nyumba, na kuwatazama walio chini yake, na mali ya mwanamke ni yake peke yake, halazimiki kuitumia kwa yeyote. Jawabu hii ni sahihi. Lakini inasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba yule ndugu atawajibika. Ndugu asiyemtazama dada yake aliyeachwa na watoto wanne, kisha akaila na ile nusu yake, huyo ameing'oa nguzo. Na Mkristo akituuliza tena, tutamjibu nini? Tuliilinda sharia isiguswe na Bunge, kisha tukaivunja wenyewe majumbani.

Njia ya haki ipo, haikufungwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezithibitisha Mahakama za Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Dada anayekwenda kwa Kadhi kudai alichopewa na Mwenyezi Mungu hakuvunja udugu. Aliyeuvunja ni yule aliyemlazimisha kwenda huko. Na wale binti watano wa Selofehadi walikwenda kudai mbele ya Nabii wa Mungu hadharani, wala hawakuambiwa kwamba hawana haya.

ILIMU NA NDOA

Twawalaumu Wakristo kwa aya inayomnyamazisha mwanamke katika kanisa. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) amekataza wanawake kuzuiwa kwenda misikitini, nayo misikiti mingi ya pwani yetu ilijengwa bila ya mahali pao, hata mwanamke msafiri hajui pa kuiwahi sala. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume wakamshitakia kwamba wanaume wamewazidi katika kumsikiliza, wakamtaka awatengee siku yao. Naye akawatengea, akawafundisha. Bibi Aisha (r.a.) aliwafundisha masahaba na waliokuja baada yao, na sehemu kubwa ya Hadithi tulizonazo imepita kwake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alihimiza wasichana wasomeshwe, na wako waliomchukia kwa hilo. Leo hapana anayemchukia kwa maneno hayo. Lakini katika nyumba isiyo na karo ya watoto wawili, ni nani anayetolewa skuli kwanza?

Na katika ndoa, Khansaa bint Khidam (r.a.), aliyekuwa ameolewa kabla, alipoozwa na baba yake na hali hataki, alimwendea Mtume (s.a.w.), naye akaivunja ndoa ile. Na bikira naye Mtume ameamrisha atakwe idhini, na akaeleza kwamba kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Kunyamaza kwa aliyeulizwa ni jambo moja. Kunyamaza kwa asiyeulizwa ni jambo jingine. Na nyumbani, Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini, alieleza kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake katika kazi zao, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Huyo ndiye msimamizi tuliyeamrishwa kumwiga.

NASAHA YETU

Ndugu zetu Waislamu, twamaliza kwa mambo manne, ambayo kila mtu ayaweza.

1. Anayetaka kusema juu ya dini ya Wakristo na asome mlango mzima, tena awaulize wenyewe wanaufahamu vipi. Asiyeweza, na anyamaze. Kunyamaza kwa asiyejua ni ibada.

2. Kila mwenye mirathi isiyogawanywa nyumbani mwake, na amwendee mwanachuoni au Kadhi apigiwe hisabu, na mafungu yaandikwe yakiwa na majina, na kodi iliyoliwa iwekwe kuwa deni. Deni hulipwa kidogo kidogo, lisiloandikwa halilipwi.

3. Wazee wa misikiti na watenge mahali pa wanawake, na walimu watenge siku ya darsa zao.

4. Kila mume, kabla ya kumsomea mkewe aya ya utii, na azisome kwanza aya alizoandikiwa yeye, ajihisabu nafsi yake mbele ya Mola wake. Akimaliza hisabu hiyo ndipo afungue mdomo.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa kwa nini Paulo aliandika aliyoyaandika. Tutaulizwa juu ya fungu la dada aliyekuwa akibisha hodi kwenye nyumba ya baba yake kama mgeni. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, atujaalie kuifuata, na aturehemu pale tulipopunguza.

Wabillahi tawfiq.